Kiporo cha Hofu

Yapo mashtaka mawili ambayo aghalabu hufunguliwa juu ya filamu iitwayo Happy Death Day 2U, iliyotoka Marekani mwezi wa Februari mwaka 2019. La kwanza husema kwamba filamu hiyo iliwadanganya watazamaji, kwa kuwa waliingia wakitazamia kutishwa na kuchekeshwa, na badala yake wakaketishwa mbele ya mtambo na kusomewa fizikia. La pili husema kwamba hadithi ya kutisha ikishatiwa sababu na hesabu huwa imekwisha nguvu, mfano wa pepo aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya mganga. Mimi nayapinga yote mawili, na katika kurasa hizi nitaeleza kwa nini. Baada ya hapo nitafungua shtaka langu mwenyewe juu ya filamu hiyohiyo, ambalo naliona zito kuliko hayo, na ambalo wapinzani wangu wamelipita kama apitaye kando ya kisima usiku asijue kuwa kipo.

Kwanza sharti tujue tunazungumza habari gani. Filamu ya kwanza, Happy Death Day, ilitoka mwezi wa Oktoba mwaka 2017. Mwongozaji wake alikuwa Christopher Landon, na aliyeuandika mchezo ni Scott Lobdell. Mhusika mkuu ni msichana wa chuo kikuu aitwaye Tree Gelbman, nafasi iliyochezwa na Jessica Rothe kwa uhodari ambao peke yake ungetosha kulipia kiingilio. Tree ni mjeuri, mvivu wa masomo, mwepesi wa kuwadharau wenziwe, na baba yake akimpigia simu hapokei. Siku ya kuzaliwa kwake, Jumatatu tarehe 18 Septemba, anaamka katika chumba cha kijana aitwaye Carter ambaye hamjui, anashinda kutwa akiudhi watu, na usiku anauawa na mtu aliyevaa kinyago cha uso wa mtoto mchanga mwenye jino moja. Akifa tu, anaamka katika chumba kilekile, asubuhi ileile. Anauawa tena, anaamka tena. Siku inamzungusha kama ngamia afungwaye kwenye kinu cha kushindika mafuta ya ufuta, ambaye hutembea mchana kutwa na jioni akajikuta palepale.

Mwisho wa mizunguko hiyo Tree anamgundua muuaji wake: ni Lori, mwenzake wa chumba, aliyemtilia sumu katika keki. Lakini kabla ya kumgundua Lori amekwisha kujigundua mwenyewe. Mama yake, ambaye walizaliwa tarehe moja, alikuwa amefariki dunia, na ule ujeuri wote wa binti ulikuwa kitambaa kilichofungwa juu ya kidonda. Anakwenda kuonana na baba yake, wanakula pamoja, wanasema yaliyokuwa hayasemeki. Hii ndiyo sababu filamu ile ilipendwa, ijapokuwa watu wengi wakiulizwa watakutajia kinyago. Kwa nini siku ilijirudia? Filamu ya kwanza haikusema neno.

Filamu ya pili ilisema. Landon aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Inaanza na Ryan, kijana akaaye chumba kimoja na Carter, ambaye sasa yeye ndiye anayeuawa na kuirudia siku. Kumbe yeye na wenzake wawili, Samar na Dre, wameunda katika maabara ya chuo mtambo wa kwanta wenye jina la Sisyphus, yule mfalme wa hadithi za Wayunani aliyehukumiwa kulisukuma jiwe mlimani milele na milele, likifika juu linaporomoka. Mtambo huo ndio uliofunga siku ya Tree. Unaporipuka tena unamrusha Tree kwenye Jumatatu yake ya zamani, lakini si Jumatatu ile aliyoizoea. Ameangukia ulimwengu mwingine uliofanana na wake kama mapacha wanavyofanana, yaani kwa mbali. Humo Lori si muuaji. Carter ni mchumba wa Danielle, msichana ambaye Tree hampendi hata kidogo. Na humo mama yake yu hai.

Haya ndiyo waliyoyaita udanganyifu. Na sasa nawajibu.

Wali wa jana ukipashwa moto asubuhi huwa mtamu, tena wako watu waupendao kuliko ulipokuwa umetoka jikoni. Hofu haina kiporo. Mtu hutishwa na asichokijua. Akikijua, huweza kukichukia, au kukikimbia, au kukizoea, lakini ile baridi ya mgongoni haimrudii. Kinyago cha mtoto mwenye jino moja kilitisha mwaka 2017 kwa sababu hatukujua ni nani aliye nyuma yake. Tulipomjua, kilibaki mpira uliopakwa rangi. Tena fikirini hali ya Tree mwenyewe. Huyu ni mtu aliyekwisha kufa mara nyingi na kuamka mara nyingi. Ni kisu gani kitakachomtisha? Hata katika filamu ya kwanza, tangu katikati yake, alikuwa amekwisha kuanza kumtukana muuaji usoni. Anayedai kwamba filamu ya pili ingemrudisha msichana huyo kukimbia vichochoroni na kupiga mayowe kama siku ya kwanza, anadai uongo. Anamtaka mtu asahau yale aliyojifunza ili yeye mtazamaji apate starehe yake ya mwaka jana.

Mwandishi aliyefika hapo huwa na njia mbili. Aweza kuongeza damu: visu viwili mahali pa kimoja, maiti kumi mahali pa watano. Au aweza kukaa chini na kutafuta hofu nyingine. Wengi wamekwenda kwa njia ya kwanza, na sote twajua mwisho wake. Mfululizo wa Friday the 13th ulianza mwaka 1980. Ulipofika filamu yake ya kumi, Jason X, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 2002, ulikuwa umechoka hata ukampeleka muuaji wake katika chombo cha angani, karne kadhaa baada ya zama zetu. Hapo palikuwa na sayansi tele, vyuma na taa, lakini hofu ilikuwa ileile ya panga lilelile. Watu hawakutishika, na ilivyopasa wasitishike. Mfano huu nautoa makusudi, ili nisije nikadhaniwa kuwa nasifu kila filamu iliyotiwa mtambo. Mtambo peke yake hauokoi hadithi. Ninachouliza ni kimoja: je, mtambo huu umeleta jambo jipya la kuogopwa? Katika Jason X haukuleta. Katika Happy Death Day 2U uliuleta mtihani ambao kila aliyewahi kufiwa ameuota usiku.

Kabla sijaufikia mtihani huo, nijibu neno la wale wasemao kwamba kitisho, kicheko na sayansi ni watu watatu wasiokaa nyumba moja. Wanaosema hivyo wamesahau nasaba. Mwaka 1816 Mary Shelley, Mwingereza, alianza kuandika hadithi ya mtaalamu aliyeunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti. Alikuwa na miaka 18, umri ambao hauwazidi sana baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu. Kitabu chake, Frankenstein, kilichapishwa mwaka 1818, na hadi leo wataalamu wengine hukihesabu miongoni mwa vitabu vya kwanza vya kubuni kwa njia ya sayansi, na wengine hukihesabu miongoni mwa vitabu vikuu vya kutisha. Kumbe wote wasema kweli, maana ndugu hao wawili walizaliwa kwa tumbo moja. Na ilipotengenezwa filamu ya kitabu hicho mwaka 1931, kisha ikafuatiwa na ya pili, The Bride of Frankenstein, mwaka 1935, mwongozaji James Whale aliitia filamu hiyo ya pili kichekesho ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Humo yumo daktari anayewafuga watu wadogo ndani ya chupa, na mmoja wao ni mfalme asiyetulia chupani mwake. Hata hivyo wahakiki wengi huiona filamu hiyo ya pili kuwa bora kuliko ya kwanza. Basi mchanganyiko huu tunaoambiwa ni uharibifu wa vijana wa leo una umri wa babu wa babu zetu.

Nasi pia tusijifanye wageni. Bibi zetu walipokuwa wakisimulia habari za mazimwi hawakuwa na kapu la vitisho na kapu jingine la vichekesho. Zimwi lilikula watu, na papo hapo lilikuwa jinga, likidanganywa na mtoto. Wajukuu walicheka huku wamejifunika shuka mpaka puani.

Hoja ya wapinzani iliyo bora kuliko zote ni hii nitakayoitaja sasa, nami nitaipa heshima yake. Husema: tazama Groundhog Day, ile filamu ya mwaka 1993 ambayo Bill Murray aliigiza mtangazaji wa hali ya hewa aliyenaswa ndani ya siku moja. Hakuna mtambo mle, wala laana iliyotajwa, wala mganga. Siku inajirudia basi, na hakuna aliyetoka sinema akidai kurudishiwa fedha kwa kukosa maelezo. Kunyamaza kule kuliipa hadithi utukufu wake, kwa sababu kila mtazamaji alijaza mwenyewe. Ya nini basi kumtafutia Tree mtambo?

Kweli tupu, nami nakiri kwamba kunyamaza mara nyingi ni hekima kuliko kueleza. Lakini Groundhog Day haikutengenezewa filamu ya pili. Fumbo laweza kunyamaziwa likiwa limetegwa mara moja. Mtu yuleyule akitegwa mara ya pili katika siku ileile, hawezi kukosa kuuliza kwa nini. Mtu aliyegongwa na gari mara moja husema ni ajali. Akigongwa na gari lilelile mahali palepale kesho yake, ataulizia dereva. Tree kuutafuta mtambo ni akili yake kufanya kazi, na filamu ambayo ingemzuia asiutafute ingemfanya mpumbavu ili sisi tubaki na fumbo letu.

Fauka ya hayo, angalieni sayansi ile inamfanyia nini. Ili arudi kwao, sharti wale wanafunzi wapate fomula sahihi ya mtambo, nao wanajaribu moja baada ya nyingine. Lakini siku ikianza upya kila kilichoandikwa hufutika: karatasi, ubao, na kumbukumbu za wote. Anayekumbuka ni Tree peke yake. Kwa hiyo yeye, mvivu wa masomo, aliyekuwa akikatiza uwanja wa chuo bila kitabu mkononi, inambidi azihifadhi fomula kichwani, kila asubuhi awasomee wenye elimu yao wenyewe walioisahau. Sijui kichekesho kingine cha sinema kilichomcheka mwanafunzi mvivu kwa upole na kwa haki namna hiyo. Hapo hesabu imeingia ndani ya tabia ya mtu; anayesema imebandikwa juu juu hakutazama.

Sasa mama. Katika ulimwengu ule wa pili Tree anamkuta mama yake mzima, anaandaa, anacheka, anamwita. Ingekuwa hadithi ya uvivu, tungepewa machozi ya furaha na basi. Landon amefanya jambo gumu zaidi. Mama yule anakumbuka mambo aliyoyafanya pamoja na bintiye katika miaka ambayo kwa Tree ilikuwa miaka ya kaburi. Tree hayakumbuki kwa sababu hakuwako. Aliyekuwako ni Tree mwingine, ambaye hakufiwa, na ambaye maisha haya ni yake. Hivyo msichana amepewa anachokililia kuliko vyote, na polepole anafahamu kuwa amepewa cha mwenziwe. Akikaa, atakuwa na mama, lakini atakuwa mgeni katika kumbukumbu za mama huyo, na Carter aliyempenda atakuwa wa mwingine. Akirudi, atarudi kwenye kaburi lilelile. Hakuna kinyago katika uamuzi huo, wala kisu, wala mlango unaolia usiku. Na mimi nasema hapana jambo la kutisha kuliko hilo katika filamu zote mbili. Ni mtambo tu uliowezesha swali hilo kuulizwa. Zimwi lingeweza kumuua Tree mara elfu, lakini lisingeweza kumrudishia mama na kumwambia achague.

Anachagua kurudi. Wapinzani waliokuwa wakihesabu maiti hawakuuona ushujaa huo, kwa kuwa hakuna tone la damu lililomwagika.

Juu ya fedha sitasema mengi, maana fedha si shahidi wa ubora. Filamu ya kwanza iligharimu chini ya dola milioni 5 ikaingiza kiasi cha dola milioni 125 duniani kote. Ya pili iligharimu kama dola milioni 9 ikaingiza kiasi cha milioni 64. Watu huzitoa tarakimu hizi kama hukumu ya kadhi. Zinaonyesha tu kwamba watu wengi walikitaka kiporo, na walipopewa chakula kingine hawakuketi.

Sikusema kwamba filamu hii haina ila. Ipo sehemu ambayo Danielle anajifanya kipofu, tena mgeni kutoka Ufaransa, ili amshughulishe mkuu wa chuo wakati wenziwe wakiiba kifaa. Kuwacheka vipofu ni kicheko cha bei rahisi, na msichana yule mwigizaji alikuwa na kipaji cha kutosha kutuchekesha bila ya hicho. Lakini hili ni dogo. Kubwa ni hili lifuatalo.

Nimesema kwamba kila jaribio la fomula likishindwa sharti siku ianze upya. Siku huanza upya Tree akifa. Katika filamu ya kwanza mara nyingi aliuawa na mtu mwingine, nasi tukamcheka muuaji na papara zake. Katika ya pili, ili kuokoa wakati na kumkwepa muuaji, Tree anajiua mwenyewe. Anafanya hivyo tena na tena, kila mara kwa mbinu nyingine ya vioja, na vifo hivyo vimepangwa mfululizo pamoja na muziki mchangamfu, ili ukumbi uangue kicheko. Na ukumbi uliangua. Nchini Marekani filamu hii ilipewa daraja la PG-13, yaani watoto wa shule waliruhusiwa kuiona, wazazi wakishauriwa tu kuwa na hadhari kwa walio chini ya miaka 13.

Nayajua majibu. Wataniambia: anajitoa mhanga kwa ajili ya wenziwe. Wataniambia: anaamka asubuhi, kwa hiyo si kifo. Wataniambia: ni mzaha, na mzee huyu hajui mzaha. La mwisho nimelijibu tangu mwanzo wa makala haya, kwa kuwa nimeutetea mzaha kurasa nzima. La pili ndilo linaloniuma. Ndiyo, yeye anaamka. Kila mwanafunzi anayeusoma ukurasa huu anajua, au siku moja atajua, nyumba ambayo kijana wake hakuamka; na jamaa wa nyumba hiyo hawakuambiwa kabla, wala hapakuwa na muziki. Huyu Tree ni nani? Ni binti aliyefiwa na mama yake, aliyeficha msiba wake nyuma ya ujeuri, ambaye sasa amemwona mama huyo akiwa hai na anatakiwa amwache. Mtu wa namna hiyo akianza kujiua kila siku, hata kama ni kwa hesabu za mtambo, rafiki zake wangepaswa kusimamisha kazi na kumkalisha chini. Filamu imeuweka msiba wake upande huu na vifo vyake upande ule, ikajenga ukuta katikati, ikatutaka tulie huku na tucheke kule. Moyo wa binadamu hauna ukuta huo.

Wala sidai kwamba sehemu hiyo ingekatwa. Nadai ingetazamwa. Filamu yenyewe inatuambia kwamba kila kifo kinamdhoofisha: anaamka, lakini mwili wake hauamki wote, na akiendelea hivyo iko siku ambayo haitajirudia. Fikirini jambo hilo lilivyo. Msichana anatumia mwili wake kama sarafu, anaulipia muda kidogo kidogo, na wenzake ambao siku imewafutia kumbukumbu kila asubuhi wanamwomba alipe tena, bila kujua kuwa jana walimwomba, na juzi, na mtondo. Yeye peke yake ndiye ajuaye amelipa mara ngapi na kimebaki kiasi gani. Hapo palikuwa na hofu ya pili, sawa na ile ya mama, tena mpya kabisa, na ni sayansi ileile iliyoizaa. Landon aliiona, kwa sababu aliiandika; kisha akaipitisha kwa ngoma na vifijo, ikaenda zake. Wale waliodai filamu ya kutisha waliketi mbele yake dakika zote hizo, wasiione, kwa sababu walikuwa wakitafuta kisu.